Giaboksi yenye ufa: uchomelee, ubadilishe ganda au uiuze kama ilivyo?



Somo la leo ni la wanaouza spea za magari kwa simu. Wewe unayepiga picha mzigo Gerezani au Ilala, unaupandisha WhatsApp na Instagram, mteja analipa, unautuma kwa basi mkoani. Kama unauza nguo au vyombo, usiondoke. Sehemu ya mwisho inahusu bidhaa yoyote yenye kasoro.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye giaboksi methali hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kuna ufa wa kuziba, na kuna ufa ambao ukiuziba ndo kwanza unajitafutia kujenga kuta mbili. Mimi nilijifunza tofauti yake kwa hela yangu mwenyewe, kwa hiyo naanza na hasara hiyo.

HASARA YANGU YA 520,000

Nilipata mteja wa Mbeya anayetaka giaboksi ya oto ya Spacio yenye injini ya 1NZ. Nikaenda stoo, nikapata U340E kwa 550,000. Nikamuuzia 700,000. Nauli ya mzigo 35,000 akalipa yeye. Faida yangu 150,000, kazi ya asubuhi moja. Nikasema leo Mungu kaamka na mimi.

Siku ya tatu simu ikaita. "Kaka, giaboksi uliyonitumia inavuja." Mimi fasta nikajibu kama wengi tunavyojibu: "Hiyo ni fundi wako ameipasua wakati wa kufunga. Mimi nimekutumia nzima."

Hakubishana. Alinirudishia picha niliyomtumia mimi mwenyewe kabla hajalipa. Ameivuta, amezungushia duara jekundu. Chini ya grisi na vumbi, karibu na sikio la mautingi, kuna mstari mwembamba kama unywele. Ufa ulikuwepo kwenye picha YANGU. Mimi ndiye sikuutazama.

Nikarudisha hela yake 700,000. Nikamlipa nauli ya kwanza 35,000, nauli ya kurudisha mzigo 35,000, ufundi 120,000 na oili iliyomwagika 80,000. Jumla ya fidia 270,000. Kule stoo wakaniambia mzigo ukishatoka geti haurudi. Giaboksi ikabaki mikononi mwangu. Fundi wa kuchomelea aluminiamu akaifungua, akaniambia ufa umefika kwenye kiti cha beringi, asingeigusa. Nikauza vya ndani kimoja kimoja, nikapata 300,000.

Piga hesabu: 550,000 ya kununulia, jumlisha 270,000 ya fidia, ni 820,000. Toa 300,000. Hasara ni 520,000, na nilikuwa nafukuzia faida ya 150,000.

Tangu siku hiyo sinunui giaboksi kabla sijapita hatua hizi sita.

HATUA YA 1: UONE UFA KABLA MTEJA HAJAUONA

Ganda la nje la giaboksi, mafundi wanaita hausingi, kwenye magari mengi ya sasa ni la aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu. Ni jepesi na linapoza vizuri, ila halipindi kama bati. Likipigwa sana linapasuka.

Kuangalia kwa macho peke yake haitoshi, maana mzigo wa mtumba umejaa grisi. Fanya hivi:

1. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Muuzaji akikataa usioshe, jiulize kwa nini.

2. Pitisha tochi ya simu kwa ubavu, usimulike moja kwa moja. Mwanga wa pembeni unatupa kivuli kwenye ufa.

3. Paka mafuta ya taa sehemu unayoitilia shaka, subiri dakika kumi na tano, futa pakauke kabisa, halafu pakaze unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Mafundi wa reli walitumia njia ya aina hii kukagua vyuma miaka mingi kabla ya dawa za kisasa za rangi. Wewe unahitaji kipande cha chaki tu.

4. Gonga kidogo masikio yote ya bolti kwa mpini wa bisibisi. Sikio zima linatoa mlio mkavu. Lililopasuka linatoa mlio uliofifia, kama kikombe chenye ufa.

Sehemu za kuanzia kuangalia: masikio ya bolti kwenye mdomo mpana unaoshikana na injini, masikio ya mautingi, kuzunguka nati ya kumwagia oili, na pale drivshafti zinapoingia.

HATUA YA 2: ULIZA KILICHOPASUA

Hapa ndo wengi tunapokosea. Tunauona ufa, tunakimbilia bei ya kuchomelea. Lakini ganda halipasuki bila sababu, na sababu ndiyo inayokuambia kama ndani kuna uzima.

Ufa uliotoka NJE: gari limepiga jiwe, mzigo umedondoshwa wakati wa kushusha, fundi ameweka jeki moja kwa moja chini ya giaboksi, au mtu amekaza nati ya oili kupita kiasi. Utaona alama ya kugongwa, na kingo za ufa zimeingia ndani. Hapa gia zinaweza kuwa salama.

Ufa uliotoka NDANI: oili ilikwisha, beringi ikafa, jino la gia likakatika na kupiga ukuta. Kingo zinakuwa zimefura kuja nje, mara nyingine kuna tundu kabisa. Fungua nati ya oili na uangalie sumaku yake ukiikuta. Vumbi laini la kijivu kidogo ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni msiba. Giaboksi ya namna hiyo kuichomelea nje ni kupiga rangi nyumba inayoungua.

Ufa wa KUFUNGA VIBAYA: huu upo kwenye masikio ya mdomo mpana. Kati ya injini na giaboksi kuna pini mbili fupi za kuongozea. Zikikosekana, au fundi akiivuta giaboksi kwa kukaza bolti badala ya kuisukuma mpaka ikae yenyewe, sikio linakatika. Kwenye oto kuna jambo moja zaidi. Ile sahani nene, toki konveta, isipoingia hadi mwisho kabla ya kufunga, bolti zinaibana pampu ya oili na kuiharibu, na ganda nalo linaweza kupasuka.

HATUA YA 3: UFA UPO WAPI?

Kumbuka sentensi moja: ukuta wa kuzuia oili unaweza kuchomelewa, ukuta wa kushika mzunguko ni wa kubadilishwa.

Unaochomeleka, fundi akiwa mzuri:
- Sikio moja la bolti kwenye mdomo mpana, kama kipande kilichovunjika kipo.
- Ufa mfupi kwenye ukuta wa chini usioshika kitu.
- Pembeni ya nati ya kumwagia oili.

Usiochomeleka, au usiostahili hela yako:
- Unaopita kwenye kiti cha beringi au karibu sana nacho. Moto wa kuchomelea unapindisha tundu, beringi haikai tena sawasawa, shafti zinaanza kulalamika.
- Unaopita kwenye njia za presha ya oili ndani ya giaboksi ya oto. Tundu dogo usiloliona linamaliza presha, gia zinateleza.
- Unaokatisha uso wa kufungia ambako nusu mbili za ganda zinakutana, labda mwenye mashine ya kusawazisha yupo.
- Ganda la magnesiamu. Lipo kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, hasa Mercedes na Volkswagen. Chenga zake zinashika moto, na moto wake ukimwagiwa maji unazidi. Kulitambua: kwangua sehemu ndogo hadi uone chuma kipya, weka tone la siki. Likitoa mapovu haraka, usimruhusu mtu kulisogelea na grenda.

Na gundi ya chuma je? Ile ya kuchanganya mirija miwili inaweza kuzuia unyevu mdogo kwenye ukuta usioshika kitu, pakisafishwa vizuri. Ni ya kukufikisha nyumbani. Kuuza giaboksi iliyopakwa gundi na kupigwa rangi ya silva juu yake bila kusema, huo ni wizi. Tusipambe maneno.

HATUA YA 4: JUA KAZI YA KUCHOMELEA ILI USIPIGWE

Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kujua maswali ya kumuuliza fundi.

Anayechomelea mageti ya chuma siye. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, lakini utando mwembamba unaojitengeneza juu yake unahitaji nyuzi zaidi ya 2,000. Asiyejua atasubiri utando uachie, na ukuta wa ndani utakuwa umeshadondoka. Tafuta fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni, anayefanya mablok ya injini na rejeta za aluminiamu.

Muulize haya:

"Utaifungua yote kwanza?" Jibu sahihi ni ndiyo. Kuchomelea giaboksi ikiwa imefungwa kunaunguza sili, na umeme wa mashine ukipita kwenye beringi unaiachia vidoti vitakavyoiua baadaye.

"Oili iliyoingia kwenye ufa utaitoaje?" Aluminiamu ya kumiminwa inanyonya oili. Fundi mzuri anaosha, anapasha moto oili itoke jasho, anaosha tena, wakati mwingine mara tatu. Asipofanya hivyo utaona vitundu vitundu kama mkate, na hapo ndipo patavuja.

"Mwisho wa ufa utaufanyaje?" Anatakiwa kutoboa kitundu kidogo, kama milimita 3, kwenye kila ncha ya ufa usiendelee kutembea. Kisha anachimba mfereji kufuata ufa, anapasha moto ganda lote, ndipo anajaza.

"Utazuiaje lisipinde?" Analifunga kwenye nusu yake au kwenye sahani nene, anachomelea kidogo kidogo, na analiacha lipoe polepole. Akimwagia maji, chukua mzigo wako uondoke.

Ukilipokea, weka rula ya chuma kwenye uso wa kufungia na umulike tochi nyuma yake. Mwanga ukipita katikati, limepinda. Rudia kipimo cha mafuta ya taa na chaki. Halafu hakikisha limeoshwa ndani hadi pembeni kabisa, maana chenga moja ya grenda ikibaki inatosha kuua giaboksi nzima.

HATUA YA 5: KAMA NI KUBADILISHA, BADILISHA NINI?

Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni ganda tupu. Linafaa pale ambapo vya ndani ni vizima kabisa. Nunua nusu zote mbili kutoka giaboksi moja, usichanganye. Ongeza bajeti ya sili na gaskiti mpya. Pia kuna vishimu, vile vipete vyembamba vinavyoweka mkazo wa beringi. Ganda likibadilika, kipimo cha vishimu kinapimwa upya. Fundi akisema "rudishia vya zamani tu", huyo anabahatisha kwa hela ya mteja wako.

Ya pili ni giaboksi nzima ya mtumba. Kwa magari mengi ya kawaida hapa kwetu, ukijumlisha ufundi wa kufungua, ganda, sili na siku gari linalokaa gereji, giaboksi nzima mara nyingi inatoka nafuu. Ila lazima iwe ileile.

Usiuze kwa jina la gari. Sema namba ya giaboksi. Spacio ya injini ya 1NZ inatumia U340E, Spacio ya 1ZZ inatumia U341E. Kwa macho ni ndugu, kwenye gari ni tofauti. Kwa Toyota nyingi za oto, namba ikiishia na F badala ya E ujue ni ya 4WD. Mwambie mteja akupigie picha kibati cha taarifa cha gari lake, mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na picha ya soketi za waya kwenye giaboksi ya zamani. Linganisha kabla ya kupokea hata shilingi.

HATUA YA 6: UZA UKIWA UMEUONYESHA UFA

Sasa tufike kwenye biashara yenyewe.

Giaboksi yenye ufa si takataka. Ina wateja wake: fundi anayetaka vya ndani, mtu mwenye ganda zima na gia zilizokufa, mwenye gari aliye tayari kuchomelea sikio moja. Wote hao watanunua ukiwaambia ukweli. Tangazo langu la sasa linakuwa hivi:

"Giaboksi ya oto U340E, mtumba. INA UFA kama sentimita 4 kwenye sikio la bolti, tazama picha ya 5 na ya 6. Ufa ni wa kugongwa nje, haujafika kwenye beringi. Sumaku ya oili safi. Inafaa kuchomelewa au kutoa vya ndani. Bei 280,000. Ikishatoka hairudi kwa sababu ya ufa huu uliotajwa. Tatizo jingine la ndani, siku 7 baada ya kupokea."

Picha ziwe sita: pande nne, namba ya giaboksi, na kasoro kwa karibu huku kidole au rula ikiwa pembeni ili ukubwa uonekane. Kisha video moja siku ya kufunga mzigo, bila kukata, kuanzia giaboksi hadi kifurushi kilichofungwa.

Video hiyo inakulinda wewe. Nyufa nyingine kweli zinatokea njiani au kwa fundi wa mteja. Kama una video ya mzigo mzima, mazungumzo yanakuwa mafupi na hakuna anayemtukana mwenzake.

Kufungasha: mwaga oili yote, ziba matundu ya drivshafti, kaza toki konveta kwa waya isichomoke, weka juu ya mbao au tairi kuukuu, na usifunge kamba kwenye masikio. Ndani ya kifurushi weka karatasi ya maneno manne kwa fundi: pini mbili ziwepo, mautingi ziwe nzima, usivute kwa bolti, jaza oili sahihi kabla ya kuwasha. Karatasi ile haifiki hata shilingi mia, na imenipunguzia simu za usiku.

Jambo la sheria, kwa kifupi. Tanzania na Kenya zote zina sheria ya mauzo ya bidhaa inayotaka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tangazo lako la WhatsApp NI maelezo. Ukiandika "nzima kabisa" halafu ina ufa, ile meseji yako ndiyo shahidi wa mteja.

KWA WASIOUZA SPEA

Badilisha neno giaboksi, weka bidhaa yako. Friji yenye mkwaruzo, simu yenye kioo kilichobadilishwa, gauni lenye doa. Utaratibu ni uleule: itafute kasoro wewe kwanza, jua imetokana na nini, amua kama inatengenezeka, kisha itaje kabla hujaulizwa. Bei itashuka kidogo, sawa, lakini hela ikiingia haitarudi.

Yule mteja wa Mbeya? Mwezi mmoja baada ya kumrudishia hela yake alinitafuta tena. Safari hii alitaka injini. Nikamuuliza kwa nini amerudi kwangu. Akajibu, "Wewe ulikosea ukalipa. Wengine wananiblock."

Nilimtumia picha kumi na mbili, na kila doa nikalizungushia duara jekundu mimi mwenyewe.

Kazi ya leo: chukua bidhaa moja uliyonayo ndani, ioshe, itafute kasoro, ipige picha, iandikie tangazo la kweli. Na kama una mwenzako anayeuza spea, mtumie somo hili kabla hajaenda stoo kesho asubuhi.